Maji Kupwa na Kujaa: Kuifundisha Bahari kwa Mwanafunzi wa Bara

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili katika idara yetu hapa Kampala aliwahi kupewa sentensi hii aifasiri kwa Kiingereza: "Wavuvi walisubiri bamvua ndipo washushe jahazi." Akaandika kwamba wavuvi walisubiri mvua kubwa. Tulipomwita kumwuliza, alijitetea vizuri: ndani ya bamvua mnasikika mvua, na ile ba- ya mwanzo aliidhania kuwa ya kukuza jambo. Tulicheka pamoja naye, kisha tukanyamaza. Siku hiyo tulikuwa walimu wanne chumbani, na ni mmoja tu aliyeweza kueleza bamvua ni nini bila kufungua kamusi. Sisi watatu tulijua tu kwamba ni "maji mengi ya bahari", na hayo tukawa tunayafundisha kila mwaka.

Wapenzi wasomaji, jambo hili limekuwa zito kuliko zamani. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari, haja ya walimu imeongezeka, na wengi wa walimu hao watakuwa watu wa bara waliofundishwa na watu wa bara. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Si aibu mtu kutoiona bahari. Lakini lugha tunayoifundisha ilikulia ufukweni, na vitabu vyake, methali zake na hata jina la pwani yenyewe vimejaa habari za maji yanayokuja na kuondoka. Mwalimu akiyapita maneno hayo haraka haraka, akaandika ubaoni orodha ya samaki kumi na tafsiri zao, mwanafunzi ataikariri orodha kwa ajili ya mtihani na kuisahau. Rai yetu ni kwamba tuanze na namna maji yenyewe yanavyokwenda. Akishaielewa saa ya bahari, maneno mengi yatajipanga yenyewe.

Somo hili sisi tulilipata kwa gharama. Mwaka 2016 tuliwapeleka wanafunzi wetu safari ya mafunzo upande wa mashariki wa Unguja. Asubuhi ya siku ya pili tuliamka tukakuta bahari imeondoka. Pale palipokuwa na maji jioni iliyotangulia palikuwa na uwanja wa mchanga mweupe na majani ya baharini, na mawimbi yalionekana mbali sana, yakivunjika kwenye mwamba kama ukanda mweupe. Wanafunzi walifurahi wakatembea kuelekea huko, na sisi walimu tukawafuata, viatu mkononi. Tulikuwa katikati ya uwanja ule wakati bibi mmoja mkulima wa mwani, aliyekuwa akirudi na gunia kichwani, alipotupigia kelele: "Rudini wanangu, maji yanajaa!"

Tulimwelewa kila neno. Maji tunayajua, kujaa tunakujua. Mmoja wa wanafunzi akamjibu kwa adabu: "Shikamoo bibi. Yanajaa wapi?" Alifikiri kuna pipa au dumu mahali fulani linalokingiwa maji. Bibi aliitikia marahaba, akatutazama kidogo, akaona kwamba hatujui kitu, akautua mzigo na kuja kutuchukua. Tulipogeuka tuliona jambo ambalo hatukulitarajia: maji hayakuwa yakitujia kwa mbele tu. Kati yetu na ufuko palikuwa na bonde refu la mchanga ambalo tulilivuka asubuhi bila kulitambua, na sasa lilikuwa limejaa hadi mapajani. Wengi tulivuka tukishikana mikono. Wawili wasiojua kuogelea walipandishwa kwenye ngalawa iliyokuwa ikipita. Tulipoteza simu mbili na madaftari kadhaa, hapana zaidi. Lakini usiku ule hatukulala vizuri, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa walimu wa Kiswahili, na mtu alikuwa ametuonya kwa Kiswahili chepesi kabisa.

Sasa tueleze jambo lenyewe.

Mwezi huivuta dunia, na nguvu ya mvuto hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Maji ya upande unaoelekea mwezini yako karibu zaidi na mwezi, kwa hiyo huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia. Maji ya upande wa pili yako mbali zaidi, kwa hiyo huvutwa kidogo kuliko kitovu hicho, nayo hubaki nyuma. Matokeo yake ni kwamba bahari hufura pande mbili: upande wa mwezi na upande ulio kinyume nao. Hapo ndipo wanafunzi hukwama siku zote. Upande wa mwezi wanaukubali, ila upande wa pili wanaukataa. Sisi huwatoa nje uwanjani. Tunawasimamisha watatu katika mstari ulionyooka, wakiutazama mwembe mmoja. Wa mbele anaambiwa apige hatua tatu ndefu kuelekea mwembe, wa katikati hatua tatu za kawaida, wa nyuma hatua tatu fupi. Wote wamekwenda upande mmoja, hakuna aliyerudi nyuma, lakini nafasi imefunguka mbele ya yule wa katikati na nyuma yake pia. Wa katikati ndiye dunia. Tangu tuanze kufanya hivyo, hatujapata mwanafunzi aliyeuliza swali lile mara ya pili.

Dunia inapojizungusha, kila mahali pa bahari hupita katika hali hizo kwa zamu. Ndiyo maana katika pwani yetu ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Ila siku hiyo ni ya mwezi, si ya jua. Wakati dunia inamaliza mzunguko wake, mwezi nao umesogea mbele kidogo katika njia yake, kwa hiyo dunia hulazimika kuufuata kwa muda wa dakika 50 hivi zaidi. Siku ya bahari, basi, ina saa 24 na dakika 50, na kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kumi hivi. Leo yakipwa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tano kasoro dakika kumi. Si kila mahali duniani mambo yako hivyo. Maumbo ya nchi kavu na ya sakafu ya bahari huyazuia maji na kuyaelekeza, hata zipo pwani zinazopata maji kujaa mara moja tu kwa siku, na ipo ghuba ya Fundy huko Kanada ambako tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 16.

Jua nalo huvuta. Ni kubwa mno lakini liko mbali mno, na nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua, mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja, na mivuto miwili husaidiana. Maji hujaa sana, na yakipwa hupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande mwingine na mwezi upande mwingine. Maji hujaa kidogo na hupwa kidogo, kana kwamba yamechoka. Hayo huitwa maji mafu. Wanafunzi wetu hudhani maji mafu ni maji machafu yaliyotuama, na kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa hawana picha nyingine ya maji yaliyokufa. Unguja na Dar es Salaam, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia mita tatu na zaidi, na wakati wa maji mafu huweza kushuka hadi mita moja hivi. Tuzingatie basi kwamba bamvua si "maji mengi" tu, kama tulivyokuwa tukifundisha. Ni majira ya maji mengi na ya maji machache sana, yote katika siku moja. Mwanamke anayekwenda kuokota chaza huisubiri bamvua kwa sababu ya kupwa kwake, na nahodha anayetaka kushusha jahazi huisubiri kwa sababu ya kujaa kwake.

Kwa nini basi tulidanganyika siku ile? Kwa sababu maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria: ukiigawa tofauti yote katika mafungu 12, saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, saa ya pili mafungu mawili, saa ya tatu na ya nne mafungu matatu kila moja, saa ya tano mawili, saa ya sita moja. Tuseme tofauti ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimeta 30 tu, na mgeni atasema bahari imelala. Saa ya tatu yatapanda sentimeta 90 peke yake, na saa ya nne 90 nyingine. Sisi tulikuwa tumeitazama saa ya kwanza tukatosheka nayo.

Ukitoka hapo ukarudi kwenye lugha, utaona jinsi kitenzi kimoja kifupi kilivyozaa. Kupwa ni kitenzi cha silabi moja, ndugu yake kufa, kula na kunywa, na pwani utasikia wengine wakisema maji yanapwa na wengine maji yanakupwa. Katika hali ya mazoea ile ku- hutoweka: maji hupwa. Ukiongeza kiambishi cha mahali unapata pwani, yaani mahali ambapo maji hupwa. Wanafunzi wetu wengi wamelitamka neno hili tangu shule ya msingi, wakijua kwamba kuna Mkoa wa Pwani huko Tanzania, bila kuambiwa kwamba ndani yake mna kitenzi. Chombo kilichoachwa na maji kikakaa juu ya mchanga tunasema kimepwelea. Na mwalimu aliyefundisha vipindi sita mfululizo akaishiwa na sauti, tunasema sauti imempwelea. Picha ni ileile: maji yameondoka, chombo kimebaki kikavu. Neno hili la mwisho sisi hulifundisha kwanza, kwa kuwa kila mwanafunzi amewahi kumwona mwalimu wa namna hiyo, na kutoka kwenye koo la mwalimu twaweza kumpeleka hadi jahazini.

Hata methali hubadilika uzito. "Maji yakijaa hupwa" hufasiriwa madarasani kuwa kila kitu kina mwisho. Si kosa, ila methali inasema zaidi kidogo. Ziwa letu Nalubaale, ambalo ramani huliita Victoria, lilipanda mwaka 2020 na tena mwaka 2024 hadi maji yakafunika mialo na barabara, na watu walikaa miezi wakingoja yashuke. Mtoto aliyeyaona hayo akisikia maji yakijaa hupwa, atawaza mafuriko na subira ndefu. Mtu wa pwani anawaza saa sita. Anajua kwamba yatapwa, anajua saa ngapi, na anajua pia kwamba yatajaa tena kabla hajamaliza shughuli zake. Kwake methali hiyo ni faraja na onyo kwa pamoja.

Swali la ziwa lazima litatokea, na mwalimu awe tayari nalo. Mbona mwezi uleule uko juu ya Nalubaale, na maji ya Entebbe hayapwi? Jibu ni kwamba ziwa, pamoja na ukubwa wake, ni dogo mno mbele ya umbali wa mwezi. Ukingo wake mmoja na ukingo wa pili huvutwa karibu sawasawa, na tofauti inayobaki haizidi sentimeta chache. Upepo huyasukuma maji ya ziwa kuliko mwezi. Bahari hupata nafasi yake kwa kuwa imeenea upande mzima wa dunia.

Tuje kwa viumbe. Hapa mwalimu huwa na tamaa ya kutaja vyote, na sisi tumeona ni bora kuwapanga kwa kufuata maji. Maji yakipwa, nani anabaki? Maji yakijaa, nani anakuja?

Wanaobaki ni wale wenye hila ya kujificha au kujifunga. Chaza hufunga makombe yake na kuhifadhi maji ndani. Kaa huingia shimoni. Jongoo bahari hulala kwenye vidimbwi na majanini. Mwanafunzi wa bara husubiri kuona miguu mingi kama ya jongoo wa shambani, na yule hana miguu ya namna hiyo, ni kama tango laini linalomeza mchanga, kula kilichomo, na kuutoa ukiwa safi. Yuko kiti cha pweza, mnyama mwenye umbo la nyota, ambaye jina lake huwafurahisha wanafunzi kuliko majina yote. Na yuko pweza mwenyewe. Ana mioyo mitatu, damu yake ina rangi ya buluu, na huishi kwenye tundu la mwamba ambalo mlangoni pake hutupa makombe ya wale aliowala. Mtu asiyejua hupita juu yake. Anayejua huyaona makombe mapya yamekaa kwa namna fulani, akainama na kijiti chake akamchokoa. "Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo" si maneno ya jumla kuhusu wataalamu; ni habari ya tundu hilo, na linaonekana kwa saa chache tu wakati wa bamvua. Pweza jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai yake bila kula, na hufa yanapoanguliwa. Ndiyo maana katika baadhi ya vijiji vya Zanzibar na Mafia wananchi hukubaliana kufunga maeneo ya mwamba kwa muda ili pweza wakue na wazae. Somo la namna hiyo lina msamiati, lina sayansi, na lina mjadala wa darasani tayari.

Wanaokuja na maji ni samaki. Changu, tasi na pono huingia juu ya uwanja ule kutafuta chakula, na wakulima wa mwani humlaumu tasi kwa kuwalia mazao yao. Wavuvi wa zamani waliijua njia hiyo, wakajenga uzio wa fito katika maji madogo: samaki huingia maji yakiwa yamejaa, maji yakipwa hubaki ndani. Mtego huo hauna ndoana wala chambo. Kinachofanya kazi yote ni kupwa kwa maji. Huyo pono ndiye wa ule usemi wa kulala usingizi wa pono. Tulikuwa tukiutumia miaka mingi bila kujua kama pono hulala kweli. Hulala. Usiku hujibana kwenye matumbawe na kulala usingizi mzito, na baadhi ya jamii zake hujifunika kwa utando wa ute kana kwamba wamejitandikia chandarua. Mwanafunzi anayesinzia kipindi cha saa nane mchana sasa anaambiwa amesahau utando wake.

Majina ya viumbe hawa yana faida nyingine ambayo mwalimu wa sarufi asiiache. Taa imezimika, taa amejificha mchangani. Kamba imekatika, kamba amepikwa kwa nazi. Kaa limezimika, kaa ameingia shimoni. Sauti ni moja, ngeli ni tofauti, na upatanisho ndio unaomwokoa msikilizaji. Hatujapata zoezi bora kuliko hili la kumfanya mwanafunzi aone kwamba viambishi si pambo. Tahadhari moja tu: katika darasa lenye Wakatoliki wengi, anza kwa kueleza papa wa baharini kabla ya kuandika ubaoni kwamba wavuvi wamemkamata papa.

Nguva anahitaji neno lake pia. Filamu za katuni zimewafanya wanafunzi wamjue kama msichana mwenye mkia wa samaki. Nguva halisi ni mnyama anyonyeshaye, mkubwa, mpole, mla majani ya baharini, na siku hizi ni adimu sana katika pwani yetu. Asionekane darasani kama kiumbe wa hadithi, akaja kutoweka baharini bila mtu kujua kwamba alikuwepo.

Na bara letu lina kipande cha bahari mfukoni. Fedha kwa Kiganda ni ensimbi, na ensimbi zilikuwa kauri, vikombe vidogo vilivyotoka Bahari ya Hindi vikapita mkono kwa mkono hadi Buganda vikawa sarafu. Mwalimu anayeambiwa na wanafunzi kwamba bahari haiwahusu awaulize wanalipa nauli kwa kitu gani.

Tunamalizia na zoezi ambalo tumelitumia kwa miaka kadhaa sasa, kwa kuwa halihitaji vifaa. Wavuvi wa pwani huhesabu siku kwa mwezi wa angani, ambao ndio mwezi wa Kiislamu. Siku za mwanzo wa mwezi na za katikati yake ni za bamvua. Karibu na mwezi saba na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu. Tena kwa Unguja na Mombasa, bamvua ina saa zake: maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano hivi asubuhi na usiku, na hujaa karibu saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeko Kampala, akiangalia mwezi tu, anaweza kukadiria hali ya bahari ambayo hajawahi kuiona. Idd el-Fitri, ambayo huangukia siku ya kwanza ya mwezi, watu wa Unguja wakitoka msikitini na kumaliza kupeana mkono wa Idi watakuta ufuko mpana. Siku ya nane hali imegeuka: ongeza dakika 50 kila siku, na utaona kwamba saa nne ileile ya asubuhi maji yako karibu na kujaa, ingawa kwa kujaa kudogo kwa maji mafu.

Tunawapa wanafunzi tarehe ya mwezi, wao wanafanya hesabu, kisha kila mmoja anasimama na kusema sentensi kamili: mwezi tatu, maji yatapwa saa sita kasoro robo, mwezi nne, yatapwa saa sita na dakika thelathini na tano. Kwa zoezi hilo moja wanajifunza saa ya Kiswahili, wakati ujao, upatanisho wa maji na hesabu, na hakuna anayelalamika. Makadirio haya ni ya darasani tu. Anayekwenda kuingia baharini kweli atumie jedwali la maji la bandari, au awaulize wenyeji.

Sisi huwauliza wenyeji. Namba ya simu ya yule bibi wa mwani tunayo tangu 2016, na kila darasa jipya humpigia mara moja. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya pili ya mwezi. Wanafunzi walikuwa wamekadiria saa tano na robo asubuhi. Tuliweka simu mezani, sauti ikiwa juu ili wote wasikie, na msichana mmoja akasalimia, akauliza maji yanaendaje huko.

"Yamekwisha kupwa, mwanangu, tangu saa tano kasoro. Sasa yanarudi," bibi alisema. "Nyie bado mpo katikati ya pwani?"